Tulivyosubiri Vipele vya Koleta

Vijana wangu wa maabara,

Mmeniomba niandike historia ya utumishi wangu. Tangu nilipokabidhi funguo nimekaa hapa Bigwa nikipalilia mchicha na kujiuliza historia hiyo niianzie wapi. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, na faili limo kwenye kabati ambalo panya wamelifanya makazi. Mshahara sitausema, tusitoneshane vidonda. Nitawaandikia habari za mtoto mmoja aliyeitwa Koleta, na bibi yake, na zile chembe nyeupe za damu ambazo siku hizi mnahesabiwa na mashine huku ninyi mnakunywa soda. Ila lazima nianze na siku ya kwanza, maana bila hiyo hamtaelewa habari ya maharage.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Nilishuka stesheni ya Morogoro na sanduku langu la bati, Azimio la Arusha likiwa bado jipya, nikaenda moja kwa moja hospitalini na vumbi langu la treni. Mkuu wa maabara alikuwa Bwana Mloka, Mluguru wa Matombo, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo inakata. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Nimeomba msaidizi, wameniletea mpagazi."

Nilijua ni utani. Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita huku na mizigo kichwani kwenda pwani, na mtani hakasiriki. Nikamjibu, "Mpagazi kafika, shikamoo. Mzigo uko wapi?"

"Marahaba. Mzigo huo hapo," akanionyesha ndoo iliyojaa vioo vichafu vya damu, makohozi na choo. Nikavaa aproni. Nilikuja kusomea darubini, nikaosha vioo mpaka kucha zikalainika kama za mtoto mchanga, na kila nilipodhani nimemaliza alikinyanyua kimoja kwenye mwanga na kusema, "Hiki kina alama ya kidole chako. Unataka tumtibu mgonjwa kidole chako?" Nilimchukia kwa muda mrefu. Baadaye niliwafanyia hivyo hivyo ninyi, na najua mlinisema.

Darubini yetu ilikuwa ya jicho moja, haina taa. Ilikuwa na kioo chini yake, unakigeuza mpaka kinadaka jua la dirishani na kulirusha juu kwenye lenzi. Dirisha lilitazama milima. Wingu likitua juu ya Uluguru, maabara imefungwa, hata aje waziri. Tulijifunza kusoma mlima kama wakulima: asubuhi tunaangalia kilele kwanza, ndipo tunaamua tuanze na nani. Lenzi tuliifuta kwa kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa hadi kikawa laini kama pamba, na ole wako uitumie kanga hiyo kwa jambo jingine.

Sasa maharage. Kuhesabu aina za chembe nyeupe kulihitaji kidude cha vibonyezo, na chetu kilikuwa kimekufa kabla sijafika. Bwana Mloka alikuwa na makopo ya siagi matatu na bakuli la nafaka. Ukiona chembe yenye punje punje ndani yake na kiini kilichokatikakatika, unatupa punje ya hindi kwenye kopo la kwanza. Ukiona ndogo ya duara isiyo na pambo lolote, kiini kimejaa karibu chembe nzima, unatupa harage. Zile adimu, choroko. Ukifika mia unaacha, unahesabu makopo. Mtu akipita nje alidhani tunacheza bao saa za serikali.

Hizo za maharage Bwana Mloka hakuzipenda. "Tazama," alikuwa akisema, "nchi nzima inaambiwa uhuru ni kazi, na hawa wamekaa tu. Za mahindi unaziona zinameza vijidudu, zinakufa na kuwa usaha, zinafanya kazi. Hizi ni wakaa bure." Nami nikawaita hivyo hivyo, wakaa bure, kwa miaka, mpaka alipokuja Daktari Shayo.

Daktari Shayo alikuwa Mchaga kijana, mnyamavu, aliyetoka kusoma ng'ambo. Chai yake alipenda kunywea maabara, kwa sababu, alisema, sisi tu ndio tusiomwomba ruhusa ya kwenda msibani. Siku moja alimsikia Bwana Mloka akiwatukana wakaa bure wake, akaweka kikombe chini.

"Mzee, humo kwenye maharage yako kuna wauaji," akasema.

"Wanaua nini? Muda?"

"Wanaua chembe za mwili wenyewe. Zile zilizotekwa na virusi." Akanigeukia mimi. "Dada Mwajuma, balozi wa nyumba kumi wa mtaani kwenu anajuaje kwamba nyumba fulani wanapika pombe bila kibali?"

"Anaona machicha nje," nikasema. "Pombe ikichujwa, machicha lazima yatupwe."

"Haingii ndani kuonja?"

"Haingii. Machicha yanatosha."

"Basi ndivyo hivyo," akasema. Akatueleza kwa kutumia sahani na maganda ya ndizi tuliyokuwa tumekula. Mengine aliyasema yeye siku hiyo, mengine nimeyasoma baadaye. Nimeyachanganya makusudi ili mwelewe. Kila chembe ya mwili ni nyumba, na kila nyumba ina amri ya kuweka nje mlangoni sinia lenye vipande vidogo vya kila inachopika ndani. Kirusi hakina jiko lake. Kinaingia kwenye nyumba ya mwenzake, kinaligeuza jiko kuwa kiwanda cha kujipika chenyewe. Lakini amri ya sinia bado ipo, na vipande vya kirusi navyo vinatoka nje. Yule askari wa maharage anapita nyumba hadi nyumba, anagusa, anatazama sinia. Ugali na mchicha, anapita. Machicha, anasimama. Anajishikiza kwenye ukuta huo, anautoboa vitundu vidogo sana, anapenyeza amri ndani, na nyumba inajibomoa yenyewe kwa ndani bila kuuvunja ua wa jirani. Akimaliza anakwenda inayofuata.

"Na asipotambua sinia?" Bwana Mloka akauliza. Alikuwa ameacha kucheka.

"Hilo ndilo wamelijua majuzi tu huko nilikosoma. Anatambua sinia za kijiji chake tu. Machicha hayo hayo ukiyaweka kwenye sinia la mtu mwingine, hayamwambii kitu. Na kabla hajaruhusiwa kutembea amefundishwa, kama mgambo, kwenye tezi iliyo hapa." Akajigonga nyuma ya mfupa wa kifua. "Wanaotaka kupiga majirani wasio na kosa wanaondolewa huko huko kambini. Wengi hawamalizi mafunzo."

Bwana Mloka alichukua harage moja kwenye kopo, akaligeuza geuza kwa vidole. "Na sura zao zote zinafanana," akasema. "Nitamjua vipi aliye muuaji?"

"Kwa darubini hii, hutamjua."

Tangu siku hiyo hakuwaita tena wakaa bure.

Mwaka wa Koleta ulikuwa ule ambao watu wengi walihamia vijiji vya ujamaa. Familia yake ilitoka kwenye mteremko wao juu ya Matombo, nyumba moja hapa nyingine kule migombani, ikajengewa nyumba za mstari karibu na barabara. Mambo mema yalikuja kwa barabara hiyo: shule, bomba, kliniki. Surua nayo ilikuja, na kwa kuwa nyumba zilikuwa zimekaribiana, haikupata taabu ya kutembea. Chanjo wakati ule ilifika ikitaka, kama jokofu la mafuta ya taa halikuzimika njiani.

Walifika masika, na lori la ndizi, wameloa. Mama, Sesilia, alikuwa na mtoto mgongoni. Bibi, ambaye jina lake lilikuwa Martina, alimshika mkono mjukuu mkubwa, Agata. Baba yao, Dominiki, alikuja nyuma na mzigo. Agata alikuwa mwekundu mwili mzima, vipele vimejaana usoni mpaka kope zimevimba, anakohoa, analia. Yule wa mgongoni ndiye Koleta, wa kama miaka miwili. Miguu yake ilikuwa imevimba maji, nywele zimekuwa kama mashuke ya mahindi, pumzi zinakwenda mbio. Ngozi yake ilikuwa safi. Hakulia hata alipowekwa kwenye mizani ya baridi.

Kanuni ya hospitali yetu ilikuwa fupi: vipele, wodi ya surua, hakuna vipele, hakuna surua. Nesi akamwelekeza Agata wodi ya surua, Koleta wodi ya lishe. Bibi Martina akakaa chini katikati ya mlango wa wodi ya lishe, miguu ameinyoosha, hapiti mtu.

"Huyu mdogo ndiye mwenye surua," akasema. "Mkubwa ameshapona, hamwoni imetoka? Huyu imemwingia ndani."

"Bibi, surua bila vipele wapi na wapi?" nesi akasema. "Hebu tupishe, kuna watoto wengine humo."

"Ndiyo maana nimekaa."

Niliyaona haya kwa macho yangu, nilikuwa nimekuja kuchukua damu. Nilidhani kikongwe amechoka na safari. Daktari Shayo alipoitwa, alichuchumaa mbele ya bibi, akamwamkia, akamtazama mtoto kifuani na mdomoni kwa muda, akaniambia, "Chukua damu. Na uchukue kamasi za puani, upake kwenye kioo. Tafuta chembe kubwa kuliko zote ulizowahi kuona."

Mlima ulikuwa na wingu. Tulikaa na vioo vyetu vimeshapakwa rangi, tukingoja jua kama watu wanaongoja lori la kijiji. Lilipotoka nilianza na damu. Hindi, hindi, hindi, choroko, hindi. Nikafika mia. Nikatazama kopo la maharage nikaona bati la chini. Bwana Mloka akanitoa kwenye kiti akahesabu mwenyewe, na yeye akapata yale yale, maharage ya kuokoteza.

Kisha kamasi. Nilizunguka kioo kile toka pembe hadi pembe, jua linakuja linaondoka, nikaona makamasi, nikaona vumbi, nikaona chembe za kawaida za pua. Halafu nikaiona. Chembe moja kama kumi zilizounganishwa, kuta zimebomolewa zikawa banda moja, na viini vimerundikana katikati. Nikainuka kitini. Bwana Mloka akatazama, akamwita daktari.

"Ndiyo yenyewe," Daktari Shayo akasema, jicho likiwa bado kwenye darubini. "Surua."

"Na vipele?" nikauliza.

"Ulifundishwa kwamba vipele vinaletwa na nini?"

"Na kirusi."

"Kirusi kimeingia kwenye mishipa midogo ya ngozi, kweli. Lakini kuwaka kule, wekundu ule, ni askari wako wa maharage wamefika wanazibomoa nyumba zilizotekwa. Vipele ni vita. Agata vita yake inapiganwa. Kwa huyu mdogo hakuna aliyefika."

"Kwa hiyo bibi kasema kweli."

"Nusu. Haikurudi ndani. Imetembea popote ilipotaka, kwa sababu hakuna wa kuizuia."

Sababu tuliipata kwa kumwuliza Sesilia. Kwao, nyumba ikiingia surua, mgonjwa hapewi mafuta, wala maziwa, wala maharage, wala dagaa, kwa kuwa vitu hivyo huzima vipele. Agata alipoanza homa, Koleta alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Mama akahofia kwamba atafuata, akamweka mwiko mapema, uji mweupe mtupu. Daktari alituambia kwamba ile tezi ya kifuani ni ya kwanza kusinyaa mtoto akikosa chakula. Kambi ilikuwa imefungwa kwa kukosa posho.

Hatukuwa na dawa ya kirusi kile. Hamna nayo hata ninyi. Kilichowezekana ni kumtenga chumba cha pembeni, kumpiga sindano za nimonia, na kumpa chakula kidogo kidogo kwa mpira mwembamba wa puani, maziwa ya unga yenye sukari na mafuta. Bibi aliposikia mafuta, akaziba masikio. Nesi akamwuliza baba. Dominiki akasema, "Nakubali, fanyeni." Nesi akaleta mpira. Sesilia akamkumbatia mtoto akageukia ukutani.

"Baba yake amekubali!" nesi akasema.

"Baba yake ni mgeni kwetu," Sesilia akajibu, na Dominiki mwenyewe alikuwa amesimama pale, hakubisha.

Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa. Sisi tulitoka Tabora, Moshi, Songea, tukauliza baba kama tulivyozoea. Bwana Mloka alitikisa kichwa aliposikia. "Mmemwuliza asiyehusika. Mtoto wa Kiluguru ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye neno ni mjomba." Na mjomba, Bonifasi, kaka yake Sesilia, alikuwa Turiani, anakata miwa. Ujumbe ukapelekwa na dereva wa lori.

Nilikasirika, na nikiri kwamba nikikumbuka bado nakasirika. Mtoto anakwisha huku watu wazima wanangoja mtu ashuke kwenye mashamba ya miwa! Nilimwambia Bwana Mloka maneno ambayo hayakuwa ya utani. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Umemaliza? Ukimnyang'anya sasa hivi, wakipata nafasi watamtorosha. Atafia njiani, na Matombo nzima haitashuka tena hapa. Mimi natoka huko, Mwajuma. Hebu ngoja."

Tukangoja. Sesilia alikubali kumnywesha maji ya sukari kwa kijiko, na nesi yule yule aliyekuwa akifoka alikaa naye wakipokezana kijiko.

Bonifasi alifika siku ya pili yake, masizi ya miwa iliyochomwa yakiwa bado kwenye kola ya shati. Alimsikiliza mama yake kwanza, amechuchumaa, hakumkatiza. Kisha akasema anataka kuona hicho tulichokiona sisi. Tukamleta maabara. Jua lilikuwapo, namshukuru Mungu. Alitazama, nikamweleza habari ya masinia, machicha na askari. Alikuwa msikivu, lakini Mluguru ni Mluguru.

"Kule Turiani balozi mwenyewe ndiye mpikaji," akasema. "Hapo askari wenu watafanyaje?"

Bwana Mloka akacheka mpaka akashika meza. Bonifasi akaendelea, "Na hayo masinia mtoto anayapata wapi?"

"Kwa wazazi," nikasema. "Nusu kwa mama, nusu kwa baba."

"Nusu kwa baba? Hapo daktari wenu kakosea." Lakini hakucheka tena. Alilitazama lile kopo lililokuwa karibu tupu, akaingiza vidole akayagusa maharage yaliyokuwamo. "Na hawa wanakula nini?"

"Anachokula mtoto."

Akatoa vidole koponi. Kisha akatoka, akaenda kusimama mbele ya Bibi Martina pale kwenye chumba cha pembeni, akasema kwa Kiluguru, na Bwana Mloka akanitafsiria: "Mama, askari wana njaa."

Bibi akamtazama mwanawe, kisha mtoto. Akasema maziwa yapite, na mafuta yapite, ila yeye haondoki, na atamfunika mtoto kwa kanga na blanketi anavyojua yeye mpaka surua itoke. Daktari Shayo akasema sawa, joto si kitu kibaya, ila uso uachwe wazi. Mpira ukaingia.

Tukaanza kusubiri vipele. Kila asubuhi Bibi Martina alimbeba Koleta mpaka dirishani, akalikunja sikio lake mbele taratibu, akatazama nyuma yake, maana huko ndiko surua huanzia. Kisha alitazama upande wa pili. Kisha alisema, "Bado." Hospitali nzima iliijua habari hiyo. Mfagiaji alipita akauliza, "Bibi, vimetoka?" "Bado." Mpishi akauliza, Daktari Shayo akauliza akiwa ameshika kofia kama mtu aliyekuja msibani. "Bado, mwanangu." Mimi nilichukua damu, nikahesabu, na maharage yaliongezeka kidogo, kisha hayakuongezeka, kisha yakaongezeka. Kifua chake kilikuwa kinabonyea kila pumzi. Kuna asubuhi nilipofika nikakuta Sesilia amejifunika kanga gubigubi, nikadhani tayari, nikashindwa kuingia. Kumbe alikuwa amelala tu.

Bibi alikuwa ameshanijua utani wangu. "Mnyamwezi," aliniambia siku hiyo, "babu zenu walibeba pembe za ndovu za watu. Umeshindwa kunibebea askari watatu tu toka huko mliko nao?"

"Ningewabeba, bibi. Ila wa kwangu hawasomi sinia za Kiluguru."

"Ndiyo shida yenu, hamjasoma." Akacheka, nami nikacheka, na wote wawili tulikuwa na machozi.

Vigelegele vilipigwa asubuhi moja mvua ilipopumzika, mlima uko wazi toka shina hadi kilele. Nilikuwa nawasha kiberiti cha kukaushia vioo. Nilivisikia vikitoka upande wa chumba cha pembeni, vigelegele vya harusi, na manesi wakakimbia wakidhani kuna mtu amerukwa na akili. Nilikimbia nami. Bibi Martina alikuwa dirishani, amelikunja sikio la Koleta mbele, anatuonyesha sote, na nyuma ya sikio kulikuwa na madoa mekundu, hafifu, kama mtu aliyegusagusa kwa wino. Kina mama wa wodi nyingine walisimama mlangoni wakistaajabu: mtu anaishangilia surua! Sesilia alipiga magoti sakafuni. Jioni vilikuwa vimefika usoni, kesho yake kifuani. Nilikwenda stoo, nikakaa katikati ya chupa za spiriti, nikalia mpaka Bwana Mloka alipokuja akasema vioo haviwezi kujiosha.

Koleta alipona. Ngozi ilimgeuka nyeusi ikambambuka, na jicho la kushoto lilibaki na kovu jeupe ambalo hakuna aliyeweza kuliondoa. Surua haitoki bila kuchukua kitu. Tangu hapo, mtoto akifika na homa na pumzi za mbio toka nyumba yenye surua, manesi wetu hawakuangalia ngozi tu. Waliuliza, "Imetoka au imeingia ndani?" na kina bibi waliwajibu.

Bibi Martina akawa mgeni wangu wa kudumu. Kila aliposhuka mjini alipita maabara na ndizi au mdalasini, akamleta Koleta tumpime urefu kwenye fremu ya mlango. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba, mpagazi, leo umetua?" Miaka ikapita hivyo. Vita vya Uganda vikaja vikaisha, sabuni ikaadimika, tukaosha vioo kwa majivu. Mwaka mmoja nilikuta bakuli letu la maharage tupu, mtu alikuwa ameyapika, na sikumlaumu. Bwana Mloka alistaafu akarudi Matombo. Kopo akaniachia mimi.

Siku aliyokuja Bibi Martina peke yake, bila Koleta, nilijua kuna jambo kabla hajakaa. Daktari Shayo alikuwa amemwona asubuhi ile. Uvimbe ulikuwa kwenye ziwa, umekaa humo siku nyingi, na ulikuwa umeshashika kwapa. Alimwambia kisu kimechelewa, labda Dar es Salaam wangejaribu kitu. Akamjibu kwamba Dar atauawa na joto kabla ya uvimbe. Nilimchukua damu. Nilihesabu mbele yake kwa sababu alitaka kuona, na maharage yalijaa kopo vizuri.

"Wapo," akasema.

"Wapo, bibi."

"Na nimekula. Tangu mwaka ule sijakaa na njaa kwa makusudi. Mbona hawamwoni huyu?"

Ningeweza kumwambia sijui. Lakini alikuwa hajanidanganya hata siku moja. Nikamwambia kwamba huyu si kirusi, si mgeni aliyeingia. Ni nyumba ya kijijini hapo hapo iliyoharibika. Nyingine askari wanaziona na kuzibomoa, na mtu hajui hata kama aliwahi kuumwa. Lakini ipo inayojua kujificha: inaacha kuweka sinia nje, au inaweka ugali na mchicha kama majirani, na askari anapita mlangoni anasalimia.

Alifikiri. "Kama yule balozi wa Turiani," akasema.

"Kama yeye, bibi."

"Bonifasi atafurahi, aliwauliza mapema." Alitabasamu kidogo. Kisha akafungua kilemba chake, akakiweka mapajani, akaugeuza uso kuelekea dirishani, kwenye mlima wake. Akalishika sikio lake kwa vidole viwili, akalikunja mbele.

"Tazama wewe, mimi siwezi kujiona," akasema. "Vimetoka?"

Jua lilikuwa zuri siku hiyo. Nilisogea nikatazama nyuma ya sikio la kulia, nikazunguka nikatazama la kushoto, taratibu, kama alivyokuwa akifanya yeye. Ngozi ilikuwa safi kabisa.

"Bado, bibi," nikasema.